Mtoto Aliyemuuma Kapita

Binti yangu aliuma watu. Nasema bila kuficha, maana kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi pale Musonoi ilijua, na aliyekuwa hajui alionyeshwa alama. Alimuuma kaka yake begani. Alimuuma mtoto wa jirani kwa sababu ya gunzi la mahindi lililokwisha kuliwa. Jumapili moja alimuuma katekista aliyempapasa kichwa baada ya misa, na yule mzee mwema akaondoka uwanja wa kanisa ameshika kidole chake kama mtu aliyenaswa na mtego wa panya.

Alikuwa bado mdogo, hajafika umri wa kwenda shule. Zaidi ya kuuma, alirusha vitu: sahani, viatu, makaa. Ukimkataza anajitupa chini, anakaza mwili, anapiga kelele mpaka majirani wanasimamisha mazungumzo. Kisha wanaanza mazungumzo mengine, juu yangu.

Dawa ilikuwa moja tu kambini. "Huyu mutoto hajapigwa bado muzuri," alisema jirani yangu wa mkono wa kuume, mwanamke aliyekuwa na watoto wengi na wote walitembea wakiwa wameinamisha vichwa. Lakini fimbo ilikuwako kwetu, nyuma ya mlango, kama ilivyokuwa nyuma ya kila mlango. Ilikuwa imefanya kazi yake. Binti yangu alikuwa amejifunza kwa fimbo hiyo kukimbia upesi na kuuma kwa nguvu zaidi.

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuja kutoka Kasai kwa treni, na mizigo yake, na kuku aliyefungwa miguu, na fikra zake zote kuhusu malezi. Mume wangu alizaliwa kule, akaletwa Kolwezi na mjomba wake akiwa kijana, akawa dereva wa malori makubwa yanayopandisha mawe ya shaba kutoka shimoni. Mimi nilizaliwa hapa hapa kambini, mtoto wa mfanyakazi. Kwa mama mkwe hilo lilikuwa kosa la kwanza: niliota katika vumbi la kampuni, sikupata mizizi.

Siku ya pili tangu afike, mtoto alimrushia kikombe.  Mama mkwe aliingia jikoni akatoka na pilipili nyekundu, akaanza kuitwanga kinuni.

"Mamu, unapika nini?" nilimwuliza.

"Sipiki. Tutamupakala ku midomo. Meno itasahau kazi yayo."

Nilimwangalia mtoto, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya sketi yangu na hajui neno linalosemwa. Nikachukua kinu kutoka mikononi mwa mama mkwe, kwa mikono miwili, kwa heshima, nikamimina pilipili yote ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa motoni. Jioni ile tulikula sombe kali mpaka machozi yakatutoka sote. Hakuna aliyelalamika. Lakini vita ilikuwa imetangazwa, na nilijua kwamba sina silaha. Kukataa nilikuwa nimeweza. Kufanya nini badala yake, sikujua.

Ndiyo sababu nilirudi fwaye. Hiyo ilikuwa nyumba ya akina mama ambayo kampuni ilijenga katikati ya kambi. Wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kuosha watoto wachanga. Nilikuwa nimeacha kwenda, kwa kuwa cherehani zilikuwa chache na maneno mengi. Lakini kiangazi kile alifika mwalimu mpya kutoka Lubumbashi, msichana hasa, kitambaa chake cha kichwa kimenyooshwa kwa wanga. Alikuja na programu ya kufundisha wazazi namna ya kuwaongoza watoto wadogo wenye tabia ngumu. Wakati huo kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, kwa amri ya nchi, na yeye alituita hivyo hata alipotuonyesha namna ya kumpangusa mtoto makamasi.

Tulimcheka. Alikuwa na mwanasesere wa kitambaa, akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa sauti ya upole: "Weka kikombe pa meza." Akatugeukia. "Citoyennes, hamusemi 'usitupe'. Mutoto anasikia 'tupa' tu. Mumwambie kitu ya kufanya."

"Na akitupa?" aliuliza mmoja wetu.

"Mumuonyeshe tena. Na siku anaweka muzuri, mumusifu pale pale."

"Nimusifu juu ya kuweka kikombe?" Yule mama alipiga makofi, akasimama, akamwimbia mwanasesere wimbo wa kumshangilia rais kama wanavyofanya wacheza ngoma wa Chama. Tulicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Mwalimu alingoja tuchoke. Kisha akasema neno ambalo lilinifuata nyumbani. "Mutoto anayekaa kimya, hakuna mwenye anamuona. Mutoto anayeharibu, nyumba muzima inageuka kumuangalia. Sasa mi nauliza: ni nani tunamufundisha aharibu?" Akaongeza kwamba kabla mtoto hajauma kuna kitu kimetokea, na kazi ya mama ni kutazama kitu hicho kabla ya kutazama meno.

Sikukubali yote. Alisema pia kwamba mtoto anayejua kutembea asibebwe tena mgongoni, maana inamlegeza. Nilisimama. "Ile nakatala, mwalimu. Mugongo ni wangu." Wenzangu wakapiga vigelegele. Yeye akakunja uso, lakini hakunifukuza.

Nyumbani nilianza. Nawaambia ukweli: ilizidi kuwa mbaya. Alipotupa sahani nikajifanya sikuona, akatupa ya pili, akaja kunivuta sketi ili nione. Alipompiga kaka yake nilimchukua nikamketisha kando yangu kwenye mkeka, bila tusi, bila kofi, nikashika mikono yake mpaka apoe. Alinitemea mate. Mama mkwe alisimama mlangoni pa jiko amekunja mikono, akiimba wimbo wa kanisa polepole, kama mtu anayeomboleza nyumba iliyokufa.

Hata hivyo nilikuwa natazama. Na nilichokiona kilinitia hasira ambayo haijapoa hadi leo.

Nilimwona binti yangu akicheza kwa utulivu na mawe yake. Mtu mzima anapita, anamvuta sikio kutoka nyuma. Mwingine anamnyang'anya jiwe na kulificha ili amwone akikasirika. Mjomba wake anamwambia, "Huyu si mama yako, tulikuokota ku poubelle," kisha watu wazima wanacheka. Mtoto anapolia wanacheka zaidi. Anapouma, ndipo wanakumbuka adabu. Ulikuwa mchezo wa kambi nzima, kumchokoza huyu mdogo mwenye moto. Na wengi waliokuwa wakipiga kelele "mupige!" walikuwa wametoka tu kuukoleza huo moto kwa mikono yao wenyewe.

Nikaanza kuwazuia. "Tafazali, usimushike ku nyuma. Mwite kwanza." Wanawake walinikazia macho. Wanaume walidhani natania. Mjomba aliposema tena habari ya kuokotwa jalalani, nilimwambia akitaka kula kwangu aache neno hilo mlangoni pamoja na viatu vyake. Alikula kwingine kwa muda mrefu.

Jumamosi moja tulikwenda soko la Manika. Binti yangu aliona mikate ya kukaanga, nikamwambia tutanunua tukimaliza kununua ndakala, wale dagaa wakavu. Akajitupa chini kati ya meza za wauza samaki, kelele zake zikapanda juu ya kelele za soko lote. Watu wakakusanyika mara moja, maana hakuna kitu kinachowafurahisha watu kama mama anayeaibika.

"Piga!" mwenye ndakala alisema. "Piga, mama, anakuzoea!"

"Ukishindwa, ulete, mi nitakupigia!" mwanamume mmoja akatoa mkanda wake nusu.

 Kisha nikafanya kitu ambacho sikufundishwa na mtu. Niliketi. Niliketi chini, na kitenge changu safi, kwenye vumbi na magamba ya samaki, karibu na kichwa cha binti yangu, nikakunja miguu kama niko uani kwangu. Nikamtazama yule mwenye mkanda. "Tata, rudisha mukanda, suruali yako itaanguka."

Soko likacheka, na mara hii hawakunicheka mimi. Mtoto alilia, akalia, akachoka. Alipoinua uso na kunikuta chini pamoja naye, alishangaa kuliko wote. Nikampangusa. Tukanunua ndakala. Kisha tukanunua mkate, kama nilivyokuwa nimesema.

Habari zilifika Musonoi kabla yetu. Mume wangu alizisikia kazini, na zilikuwa zimenenepa njiani: mke wake amelala chini sokoni na mtoto, wote wawili wanalia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama ya batoto, bananicheka ku shimo." Nikamjibu, "Bacheke. Bakimaliza, mutoto atakuwa wetu bado." Akavua viatu vya kazi, akaketi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata sasa sijui alikuwa upande gani siku ile.

Kisha akaja kapita. Alikuwa mkubwa wa zamu ya mume wangu, mtu mnene, mcheshi, ambaye neno lake lilimpa mtu lori zuri au lori bovu. Alikuja Jumapili mchana kunywa bia. Nilipika kuku na bukari, ugali wetu, nikawavisha watoto vizuri. Binti yangu alisalimia vizuri mno, nikamsifu mbele ya wote, naye akafura kifua kwa fahari.

Kapita alimtazama. "Aa, ni huyu simba ya kambi?" Akamshika shavu, akalifinya. Mtoto akarudi nyuma. Kapita akamvuta tena. "Mama yako amekuuza kwangu juu ya mufuko moja ya unga. Leo unalala kwangu. Kwaheri mama!" Akamwinua juu, akaanza kutembea naye kuelekea mlangoni, huku akicheka.

Binti yangu alinitafuta kwa macho. Nilisema, "Tata kapita, tafazali, umuweke chini." Aliendelea kucheka. Mtoto akamuuma mkononi, chini ya saa yake ya dhahabu, mpaka damu ikatoka.

Mume wangu aliinuka na mkanda tayari mkononi. Nilimwelewa. Aliona lori bovu, aliona zamu za usiku. Lakini mtoto alikuwa amejibana nyuma yangu, nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba.

"Toka," alisema mume wangu.

"Sitoke. Uanze na mi."

Mama mkwe akapiga kelele kwa Kiluba cha Kasai, akiita wafu wa ukoo washuhudie. Nikamgeukia mgeni. Sauti yangu ilitoka ndogo lakini haikukatika. "Tata kapita, nakuheshimu. Nitakuosha kidonda kwa mikono yangu. Lakini ni wewe ulianza. Mutu akikubeba na nguvu kutoka kwa mama yako, wewe ungefanya nini?"

Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kusema na kapita hivyo. Aliangalia mkono wake, akaniangalia mimi, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza bia. Mkanda ulibaki ukining'inia mkononi mwa mume wangu kama kitu ambacho mtu mwingine alikuwa amekisahau pale.

Mama mkwe hakungoja. Jumapili iliyofuata aliwaita wazee wa watu wetu, wale wa Kasai waliokuwa kambini, na wakaketi uani kwetu kwenye viti vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba. Aliongea kwanza. Alisema kwangu alikuta mtoto ndiye anayewapiga wakubwa. Alisema nilichota akili fwaye kwa msichana asiyezaa, kwamba namlea mjukuu wake kizungu, na kwamba nimemtukana mkubwa wa mwanawe. Alitaka jambo moja: aende naye Kasai, akamnyooshe.

Mzee aliyeongoza alikuna ndevu. Wengine waliitikia kwa vichwa. Kwao lilikuwa jambo jepesi, hata la huruma. "Mutoto aende na kaku yake," alisema. "Akirudi, atakuwa mutu."

"Ni mutu tayari," nilisema.

"Mama, hatujakupa ruhusa ya kusema."

"Najua, tata. Ndiyo maana nimeichukua." Nikasimama. "Munasema kizungu. Nani alileta chicotte, ule mujeledi, mu hii kambi? Baba zetu balipigwa nayo na bazungu, mbele ya bake zao, pa mstari wa kazi. Mi baba yangu alinionyesha mugongo wake. Leo munaniambia kupiga ni desturi ya bankambo, bazee betu ba zamani. Mi ile desturi sitamupa mutoto wangu. Na haendi Kasai. Akienda, munifunge kwanza kamba."

Kelele zikainuka. Mzee mmoja akaniita kichaa. Mama mkwe akasema, "Munaona? Munaona?" Na katikati ya kelele hizo mume wangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akainua mkono.

Kambi nzima ilijua kwamba mume wangu hasikii kwa sikio la kushoto. Ukimwita upande ule hageuki. Watu walisema ni baruti za shimoni, na mimi pia niliamini hivyo tangu siku ya kwanza nilipomfahamu.

"Hii sikio," alisema, "si baruti. Ni baba. Nilikuwa mudogo kama huyu. Alinipiga kofi moja, nikasikia kama kengele, kisha basi. Mpaka leo." Akamtazama mama yake. "Mamu, wewe ulikuwa pale. Niambie, nilikuwa nimefanya nini? Mi nasahau. Nakumbuka kofi, lakini kosa nasahau."

  Mama mkwe alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele mpaka kikafunika macho, na hakuna aliyemwona uso tena mpaka wazee walipoondoka. Waliondoka bila kutoa hukumu, mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake.

Sikuwa nalijua jambo lile. Nililala kitanda kimoja na sikio lile miaka yote. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Ningesema nini? Kwamba baba yangu alikuwa mutu mubaya? Hakuwa mubaya." Hatukuongea zaidi. Mkanda wake aliendelea kuuvaa, kwa suruali tu.

Kapita alimpa lori bovu, kama tulivyoogopa, na akaliendesha mpaka mvua zikaisha. Sisemi kwamba ushujaa haulipishwi.

Mwalimu wa fwaye aliposikia yote haya, alifurahi kupita kiasi. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja kutembelea fwaye, na alitaka kuwaonyesha matunda ya programu yake. Watoto wangeketi mstari mmoja, mikono juu ya magoti, kimya, na mama wa kila mmoja angesimulia alivyokuwa zamani na alivyo sasa. Binti yangu angekuwa wa kwanza. "Citoyenne, wewe ni mufano yetu."

"Mutoto wangu si mufano," nilimwambia. "Si ngozi ya chui ya kutundika ku ukuta ya salon."

"Unakatala kusaidia programu iliyokusaidia?"

"Nakatala bamuonyeshe kidole tena. Walikuwa wanamuonyesha juu ya meno, sasa unataka bamuonyeshe juu ya kunyamaza. Ni kitu kimoja."

Alikasirika, na sikuenda siku ile. Nilisikia kwamba watoto walioketi mstarini walilia. Hata hivyo sikumdharau yule msichana, na simdharau leo. Alinipa kitu chema. Ila akipewa mtu jembe, halimi shamba la aliyempa.

Binti yangu aliacha kuuma. Haikuwa siku moja. Alipungua, akarudia, akapungua tena, mpaka nikagundua kwamba muda mrefu umepita na watu wamepata mambo mengine ya kusema. Alijifunza kuweka mikono kiunoni na kutamka "Sitaki unishike," kwa sauti iliyowaudhi wengi kuliko meno. Mama mkwe alikaa nasi mpaka mvua za kwanza. Hakuniambia kamwe kwamba nilikuwa na haki. Lakini asubuhi moja nilimsikia uani akimwambia mtoto, "Weka kikombe pa meza," akangoja, na kilipowekwa akaimba kwa Kiluba, kwa sauti ya chini, jina la sifa la mwanamke wa ukoo wao. Treni ilipomchukua, aliondoka peke yake.

Watu huniuliza kama alikuja kuwa mtoto mtiifu. Sikuwa nautafuta utiifu. Alipoanza shule, hazikupita siku nyingi mwalimu wake akaniita. Nilimkuta mbele ya darasa, rula ya mbao mkononi, na binti yangu amesimama mbele yake na mikono nyuma.

"Mama, mutoto wako anakatala kutoa mukono."

"Amefanya nini, mwalimu?"

"Alichelewa."

"Ni mi nilimuchelewesha. Maji ilikosekana ku robine ya bomba, nilimutuma mbali." Nikapita kati ya madawati, nikasimama kando ya binti yangu, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe juu ya meza, kiganja juu. "Piga huu. Ndio uko na kosa."

Aliutazama. Darasa zima liliutazama. Sikuurudisha. Mwishowe aliweka rula chini ya vitabu vyake, akamwambia mtoto akakae, akaniambia, "Enda, mama, tuko na kazi." Nilipofika nje walikuwa wameshaanza kusoma silabi kwa pamoja, na sauti moja niliyoijua ilikuwa juu ya zote.